Kebini ya ndani, ya dirisha au ya balkoni: ipi inakufaa ukipanda meli ya kruzi?

Kila mwaka ikifika Januari simu yangu inaanza. "Dada, tumepata ofa ya kruzi, tuchukue chumba gani?" Halafu inafuata picha ya bei tatu, ya ndani, ya dirisha, ya balkoni, na mtu anasubiri jibu la neno moja. Sina jibu la neno moja jamani. Nimepanda hizi meli za starehe mara tisa toka 2016, karibu zote nimeondokea bandari ya Galveston, Texas, maana naishi Houston na ni kama saa moja tu kwa gari, nimelala aina zote tatu, na kebini niliyoipenda kuliko zote ndo ile ile mama yangu aliyoichukia mpaka akataka kubeba shuka akalale kwenye makochi ya mapokezi. Kwa hiyo naziweka zote hapa kwa vipimo vile vile, kila mtu ajipime mwenyewe.

Vipimo vyangu ni vitano. Hela, yaani unalipa kiasi gani na hiyo tofauti ingekununulia nini kingine. Usingizi, yaani giza na kelele. Mrama, chombo kikianza kuyumba mwili wako unapokeaje. Nafasi, mko wangapi na mabegi mangapi. Na cha tano ndo watu wanakisahau kabisa, siku ya bahari tupu utakuwa wapi, maana safari ya siku 7 kutoka Galveston kwenda Cozumel, kisiwa cha Mexico, na huko Honduras ina siku kama 3 hivi ambazo hamshuki popote, ni maji tu asubuhi mpaka usiku. Mtu anayeshinda kwenye bwawa na michezo na mtu anayetaka kukaa kimya na kitabu hawawezi kushauriwa kitu kimoja.

Kwanza mahali, halafu ndo aina

Hapa naomba msome taratibu maana ndo pana hela yenu. Watu wanagombana ndani au balkoni wakati namba ya kebini, yaani iko wapi ndani ya meli, inaweza kuharibu safari hata ukilipia kebini nzuri.

Mwaka 2018 nilichukua balkoni nzuri kabisa, ghorofa ya juu, nikafurahi nimepata bei. Saa kumi na moja alfajiri ya siku ya kwanza nasikia juu ya kichwa changu krrr, krrr, krrr, kama mtu anaburuta makabati. Kumbe juu yangu ndo kwenye bwawa la kuogelea, wafanyakazi wanapanga vile viti vya kulalia. Siku saba, kila alfajiri, krrr. Toka hapo mi nafungua ramani ya sitaha, yaani ya ghorofa za meli, kabla sijatoa hata senti, natafuta kebini ambayo juu yake ni kebini na chini yake ni kebini. Juu kukiwa na bwawa, bufee au jiko, naachana nayo. Chini kukiwa na ukumbi wa muziki, naachana nayo. Na mlango wa kuunganisha na kebini ya jirani, kama hamjuani, ukwepe, kikohozi chake utakisikia kama yuko kitandani kwako.

Omo ya meli, kule mbele, sitaha za chini, asubuhi meli ikiingia bandarini utasikia nanga au zile pangaboi za ubavuni zinazoisogeza gatini, kitanda chote kinatetemeka. Tezi, kule nyuma, kuna mtetemo wa injini, ingawa mkia wa maji unaoonekana kule nyuma ni mzuri sana na wapo wazoefu hawalali kwingine. Katikati na chini ndo pametulia. Ni kama pembea ya ubao, wanaopanda na kushuka ni waliokaa mwishoni, aliye katikati hata hajui.

Na ukiona bei imepungua kidogo kwa sharti kwamba kampuni ndo itakuchagulia namba ya kebini, jua unachouza ni hayo yote niliyoyataja. Kwa mtu mwenye usingizi mzito ni biashara nzuri, we kama unaamka na mlio wa mbu, lipa uchague mwenyewe.

Kebini ya ndani

Haina dirisha. Ukizima taa ni giza totoro.

Hela: ndo rahisi kuliko zote. Safari yangu ya mwisho ya siku 7 tofauti ya ndani na balkoni ilikuwa dola 340 kwa kila mtu, mko wawili ni 680. Bei zinaandikwa kwa mtu mmoja mkiwa wawili chumbani, watu huwa wanalisahau hilo. Hiyo 680 inalipa bakshishi inayokatwa yenyewe ya wiki nzima kwa watu wawili, maana kampuni nyingi za Marekani zinakata kama dola 16 mpaka 20 kwa kila mtu kila siku, na inabaki ya waifai na ya matembezi ya bandari moja. Na chakula ni kile kile, maonyesho yale yale, bwawa lile lile, hakuna anayekuuliza umelala wapi.

Usingizi: mi nahudumia wazee, shifti ya usiku, miaka kumi na moja sasa, nyumbani nimebandika foili kwenye madirisha ili nilale mchana. Siku ya kwanza kulala kebini ya ndani nililala saa kumi mfululizo, sijawahi kulala hivo toka nije Marekani. Mwaka uliofuata mama akaja kutoka Tanga nikamchukulia hiyo hiyo nikijua nampa raha. Usiku wa kwanza kaniamsha mara tatu kuuliza kama Alfajiri imeingia. Usiku wa pili akasema, "Mwanangu, humu ni kaburini, mtu hajui kumekucha wala kumekuchwa." Hakuwa anadeka, kwa mtu aliyezoea kuamshwa na mwanga na majogoo lile giza linatisha kweli. Tulichofanya, na hii ni mbinu ya wazoefu, ni kuwasha televisheni kwenye chaneli ya kamera ya mbele ya meli, unazima sauti unaiacha usiku kucha. Usiku kioo cheusi, kukianza kupambazuka chumba nacho kinapambazuka. Alilala, lakini hakuipenda.

Mrama: kebini nyingi za ndani ziko katikati ya meli kwa upana, na ukipata ya chini na ya katikati kwa urefu basi umekaa pale pembea haisogei. Tatizo lake ni kwamba kichwa kikianza kuzunguka huna upeo wa macho wa kukituliza, mwili unasema tunasogea, macho yanasema ukuta umesimama, na mgongano huo ndo unaleta kichefuchefu. Inabidi uvae utoke nje.

Nafasi: mita za mraba 14 mpaka 17 hivi kwa meli nyingi. Wawili mnatosha vizuri, wanne kwa vile vitanda vya kushushwa kutoka darini mtaishi kwa zamu, mmoja anavaa wengine wamekaa kitandani. Kuta ni za chuma, beba ndoano za sumaku utundike kofia, mikoba na nguo za kuogelea. Ekstensheni ya nyumbani usibebe, meli nyingi wanaichukua mlangoni kwa kuogopa moto.

Siku ya bahari tupu hukai humo, ni ya kulala na kuoga. Kwa anayeamka anakwenda kwenye bwawa, kwenye mashindano ya maswali, kwenye kucheza, sawa kabisa.

Kampuni nazo zimehangaika na hilo giza. Meli ya Disney Dream ya 2011 iliweka vioo vya duara ukutani vinavyoonyesha bahari ya nje muda huo huo, na Royal Caribbean mwaka 2014 wakaweka kwenye Navigator of the Seas skrini ya kutoka sakafuni mpaka darini, kama balkoni ya kuchora lakini inatembea. Na kwa anayesafiri peke yake, kawaida unalipa kama mko wawili, ndo maana meli ya Norwegian Epic ilipotoka 2010 na vyumba vidogo vya mtu mmoja, mita za mraba 9 tu, watu walishukuru. Hakuna dirisha la baharini lakini humlipii mtu ambaye hayupo.

Kebini ya dirisha

Hii watu wanairuka, na mi naona wanaionea.

Hela: iko katikati, ila katikati yenyewe inahama. Kuna safari inazidi ya ndani kwa dola chache tu, hapo chukua bila kufikiri mara mbili. Kuna safari inakaribia balkoni kabisa, hapo uliza kwanza.

Usingizi: pazia ni zito, ukilifunga ni giza, ukilifungua ni mchana. Mama angelala humu bila ugomvi. Nyingi ziko sitaha za chini, na za mbele mbele, kwa hiyo lile suala la nanga angalia.

Mrama: kwa mtu anayeugua baharini hii ndo ningeitaja kwanza. Chini, katikati, na upeo wa macho unauona ukiwa umelala. Januari kukiwa na upepo wa kaskazini Ghuba ya Mexico inachafuka, glasi zinagongana bafuni, nilikuwa na shoga yangu kajikunyata dirishani anatazama ule mstari wa maji na mbingu huku anatafuna tangawizi, akapona kabla ya chakula cha jioni.

Nafasi: sawa na ya ndani au imezidi kidogo, ila mwanga unafanya ionekane kubwa. Kwenye meli kadhaa kingo ya dirisha ni pana, mtoto anakaa pale na kitabu chake.

Siku ya bahari: unatazama lakini huisikii. Dirisha halifunguki, hakuna upepo wala harufu ya chumvi, na wapo ambao hilo linawaudhi kuliko kutoona kabisa. Kingine, soma vizuri maelezo kama mandhari imezibwa. Kuna wiki nzima nimetazama tumbo la boti ya uokoaji ya rangi ya machungwa. Mwanga ulikuwa unaingia, nilijua kumekucha, bei ilikuwa nzuri, sikulalamika, lakini nililijua kabla ya kulipa.

Kebini ya balkoni

Nilimrudisha mama melini 2023, safari hii na balkoni. Alikuja na iliki na tangawizi ya unga kwenye kikopo, kila alfajiri naenda bufee kuchukua maji ya moto na maziwa, nikirudi nampata keshaswali, kajifunika kanga, kakaa kwenye kile kiti cha plastiki na tasbihi yake anatazama maji. Kibla tulikuwa tunatafuta kwa dira ya simu kila swala maana meli inageuka. Siku moja kaona samaki wanaruka kundi zima kutoka ubavuni mwa meli, wale tunaowaita panzi, akaanza kuniita kwa sauti, "Panzi! Panzi hao!" kama msichana. Wale panzi ndo waliolipa ile balkoni, hata leo sioni kama nilitoa hela nyingi.

Ila tuseme na upande wa pili. Hela ndo hiyo niliyosema, na ikiwa meli inatia nanga kila siku asubuhi nyie mnashuka mnarudi jioni mmechoka, unalipia viti viwili na meza ambavyo utavikalia nusu saa. Bandarini nako saa zingine unatazamana na zege au na balkoni za meli nyingine, mnasalimiana.

Usingizi: ukifungua mlango usikie maji, hakuna dawa ya usingizi inayoizidi, lakini kwenye meli nyingi mlango ukiwa wazi kiyoyozi kinakatika na joto la Karibi linaingia lote. Na jirani akiongea na simu saa sita usiku unasikia ndoa yake yote. Sigara meli nyingi zimepiga marufuku kwenye balkoni siku hizi, afadhali.

Mrama: balkoni nyingi ziko juu, na juu ndo panayumba zaidi. Hewa safi na upeo wa macho vinasaidia, lakini kama unajijua, tafuta balkoni ya sitaha ya chini iwezekanavyo, katikati. Meli ikikaza mwendo upepo unaweza kukunyang'anya hata kanga, kwa hiyo usitundike kitu kwenye kingo, ni marufuku na ni hatari.

Nafasi: chumba chenyewe ni kile kile, unaongezewa kama mita 3 au 4 za mraba za nje. Zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini mnapokuwa wawili na mmoja kalala mwingine kaamka, ule ni ukumbi wa pili.

Siku ya bahari: hapa ndo pake. Anayependa ukimya hana mpinzani wa balkoni siku ambayo bwawani watu wamebanana na muziki unapigwa.

Jambo moja la kuangalia sana. Toka Oasis of the Seas ilipotoka 2009, Royal Caribbean wana meli ambazo katikati zimeachwa wazi, kuna bustani ya mimea halisi inaitwa Central Park, na kuna balkoni zinazotazama huko ndani. Nzuri, kuna kivuli na hakuna upepo, bei pungufu. Lakini bahari huioni pale, na nimekutana na mtu kwenye lifti karibu analia maana yeye alisoma neno balkoni tu.

Suti, zile kebini za kifahari, sizielezei sana. Ni kubwa, wengine wanapewa mgahawa wao na foleni yao, na bei yake mara nyingi ingewapeleka safari mbili za kawaida.

Ukubwa wa meli unabadilisha hesabu

Icon of the Seas iliyoanza Miami Januari 2024 ina sitaha 20 na inachukua abiria 5,610 wakiwa wawili wawili, vitanda vyote vikijaa ni kama 7,600. Kampuni ya Holland America wana meli ya Koningsdam ya 2016, abiria kama 2,650 hivi. Hizi ni safari mbili tofauti kabisa. Kwenye ile kubwa meli yenyewe ndo mji, mabwawa, maporomoko ya kuteleza, barafu ya kuchezea, watoto hutawaona mpaka wakiwa na njaa, na wengi wakilala kebini ya ndani hawapungukiwi kitu. Lakini humo humo kama we ni mtu wa kimya, balkoni inakuwa kimbilio lako. Kwenye meli ya kati burudani ni bendi, vitabu, chakula cha taratibu na bahari, kwa hiyo kuiona bahari kuna thamani zaidi, ila zina nafasi nyingi za wazi za kukaa bila kusukumana, mwenye kebini ya ndani anaweza kujipatia kiti chake cha baharini bure.

Mahali mnakoenda nako kuna neno. Alaska, kati ya Mei na Septemba, meli inaingia Glacier Bay na kugeuka taratibu mbele ya ukuta wa barafu, hapo balkoni ina maana, ingawa nilipokwenda nilijikuta nimetoka nje na koti kwenye sitaha ya mbele maana pale unaona pande zote mbili. Ndugu zetu wa Muscat na Dubai nao wana kruzi za majira ya baridi za Ghuba, Dubai, Abu Dhabi, Doha, Bahrain, na kule karibu kila siku kuna bandari, kwa hiyo siku za maji matupu ni chache, kebini ya ndani inajitetea.

Sasa kwa hali yako

Mnaanza tu, hamjui kama mtaipenda, na hela ni ya kubana: safari ya siku 4 au 5, kebini ya ndani, katikati, kebini juu na kebini chini. Msipoipenda hamjapoteza sana.

Unaugua kwenye gari, kwenye boti ya Zanzibar ulitapika: dirisha, chini, katikati, na dawa umeze kabla meli haijaondoka, ukisubiri kuumwa umechelewa.

Mnasherehekea ndoa au miaka ya ndoa: balkoni, na mpunguze siku kuliko kuishusha kebini.

Mna watoto wakubwa: kabla hamjabanana wanne chumba kimoja, uliza bei ya kebini mbili, balkoni kwa wazazi na ya ndani ng'ambo ya korido kwa watoto. Mara kadhaa nimekuta tofauti ni ndogo kuliko nilivyodhani, na mnapata vyoo viwili. Wenye mtoto anayeanza kupanda panda viti, dirisha litawapa amani.

Uko peke yako: angalia kwanza vyumba vya mtu mmoja, halafu linganisha na ya ndani ya kulipia watu wawili.

Unafanya shifti za usiku kama mimi: ndani. Zima taa, zima simu.

Una mgeni kutoka nyumbani: hapa kabla ya kebini angalia viza. Kuna sheria ya Marekani ya mwaka 1886 ambayo kwa sababu yake hizi meli zenye bendera za nje, yaani zilizosajiliwa nchi nyingine, lazima zitie nanga nchi nyingine kabla ya kumrudisha abiria alikotokea, kwa hiyo hata kama mnarudi Galveston, mgeni wako ametoka nchini. Viza ya kuingia mara moja inaweza isimrudishe. Walio kwenye maombi ya makaratasi ya uhamiaji waongee na wakili wao kwanza, hata ofa iwe tamu vipi. Na angalia kila nchi mtakayoshuka inataka nini kwa pasipoti ya kwao.

Na kama mgeni huyo ni mzee anayeamka alfajiri, fanya kila linalowezekana aone kunavyopambazuka, dirisha au balkoni, mfuko wako utakavyoruhusu. Mama anarudi Mei panapo majaliwa. Nimeshalipia, sitaha ya 7, katikati, juu yetu kebini chini yetu kebini, na keshaniuliza kwenye simu kama panzi watakuwepo.